Tupeane uzoefu: baridi ikiisha, bustani ya roshani mnaanza kuisafishia wapi?

Mgeni wa Berlin
Wakuu, leo jua limetoka, nimefungua mlango wa roshani kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Nimeumia. Chungu kikubwa nilichokinunua kwa kujinyima kimepasuka katikati, mnanaa umebaki vijiti, udongo umeshikana kama tofali. Nilipong'oa mashina ya mchicha wa mwaka jana, harufu ya udongo ikanirudisha Lushoto kwa bibi. Nikaganda pale na kandambili hadi vidole vikafa ganzi. Naanzia wapi?

Hamburg254
Pole mkuu. Maji yakiganda yanavimba karibu asilimia 9, chungu hakina pa kukwepea. Vuli ijayo kiinue juu ya vipande vya mbao, kifunge gunia. Na mnanaa usiutupe! Kata vijiti, mizizi iko hai.

Dada wa Toronto
Kweli kabisa. Wangu hufufuka kila mwaka.

Nyuki
Vijiti msikate mapema, kuna wadudu wamelala ndani. Subirini joto litulie.

Zamu ya Usiku (Minneapolis)
Mmenikumbusha Machi ya mwaka juzi. Majani makavu ya nyanya niliyaacha sakafuni tangu Oktoba, kila siku nasema kesho. Theluji ikayafunika. Siku joto lilipopanda ikayeyuka yote, mimi niko kazini, na majani yakaziba tundu la maji. Narudi alfajiri, nakanyaga zulia, chwap! Maji yamepita chini ya mlango hadi kwa jirani wa chini, bibi anayeishi peke yake. Nilimkuta kwenye korido, amekumbatia albamu ya picha za marehemu mumewe, inachuruzika. Zulia nililipa. Picha ningelipa na nini? Kabla hujagusa chungu chochote, zibua tundu la maji.

Dada wa Toronto
Jamani! Zilipona?

Mpambanaji
Bima haikulipa?

Hamburg254
Mtu anaongelea picha za marehemu, wewe bima!

Mpambanaji
Nimeuliza kwa nia njema, wengine hatujui hata kama inahusika.

Zamu ya Usiku (Minneapolis)
Bima ililipa dari yake. Picha tulizianika wote wawili kwenye kamba sebuleni kwake. Tatu hazikupona.

Mama Sukuma (London)
Pole sana kaka. Mimi mchicha nimeshaupanda nje wiki iliyopita.

Hamburg254
Utakufa huo! Wajerumani husubiri "watakatifu wa barafu" wapite, yaani siku za watakatifu zinazohusishwa na baridi ya mwisho, tarehe 11 hadi 15 Mei.

Mama Sukuma (London)
London siyo Hamburg.

Dada wa Toronto
Sisi husubiri sikukuu ya Victoria Day, Jumatatu ya mwisho kabla ya tarehe 25 Mei. Anayeharakia apande sukuma, ikipigwa na baridi ndiyo inazidi utamu.

Mgeni wa Berlin
Kaka wa Minneapolis, nimeacha kila kitu nikaenda kuchungulia tundu. Nimetoa konzi mbili za majani yaliyooza na kijiko cha chai nilichokitafuta mwaka mzima. Nimemwaga ndoo ya maji, yamepita.