Ukoo wa Langoni: Fleti ya Nyali

*Nuru (Dubai)* 20:04
Assalaamu alaykum nyote. Nimetumiwa hii pamoja na picha zake, iko Nyali, Mombasa, inatazama bahari. Ghorofa ya 8, ndiyo ya mwisho juu. Vyumba 3 vya kulala kila kimoja na choo chake, lifti 2, bwawa, jenereta, kisima. Bei milioni 28. Dalali asema nikitoa laki 5 leo atanishikia. Mwasemaje?

*Khalati Zuhura* 20:07
Wa alaykum salaam mwanangu. Laki 5 usitoe, hata elfu 5 usitoe. Pesa ya kwanza hutoka baada ya mkataba kutiwa saini, na haiendi kwa dalali wala mkononi mwa muuzaji. Kwa kawaida ni asilimia 10, yaani milioni 2.8. Huingia akaunti ya wakili wa muuzaji, naye huishika kwa niaba ya pande zote mbili mpaka siku ya kukamilisha. Muda uliozoeleka ni siku 90. Na wewe uwe na wakili wako, usikubali mmoja awatumikie nyote wawili.

*Ami Twalib* 20:09
Kabla ya karatasi, tazameni ile picha ya nne. Ikuzeni pale chini ya roshani, pembeni. Mwaona ufa mwembamba na doa la kahawia?

*Mwana* 20:10
Si rangi imechoka tu ami?

*Ami Twalib* 20:15
La mwanangu. Rangi ikichoka hubanduka ovyo. Ufa ulionyooka hivyo umefuata nondo. Upepo wa bahari huleta chumvi, chumvi hupenya zege pole pole, ikifika kwenye chuma kutu inaanza. Na kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hivyo zege hupasuka kutoka ndani. Pwani nondo yataka kufunikwa na zege la milimita 40 hadi 50. Wengine huweka 25 kama wajengao bara. Zile nyumba zetu za Mkomani kule Lamu, mawe ya matumbawe, chokaa na boriti, zina subira na chumvi kwa sababu hamna chuma ndani cha kuvimba.

Mwana, Jumamosi chukua nyundo ndogo. Gonga chini ya roshani, gonga nguzo za maegesho ya magari. Zege zima hulia kavu. Likilia kama mtungi mtupu, limeshaachana na nondo.

*Nuru (Dubai)* 20:16
Na wakisema watarekebisha?

*Ami Twalib* 20:19
Uliza watarekebisha vipi. Sawasawa ni kubomoa zege mpaka nyuma ya nondo, kusugua kutu yote, kuongeza chuma palipoliwa, ndipo kuziba kwa mota maalumu. Wakipiga plasta na rangi juu yake, kusi moja tu ufa umerudi. Tena ukuta wa nje ni wa jengo zima, gharama si ya fleti moja. Kwa hivyo uliza mfuko wa akiba wa jengo una kiasi gani.

Vyuma vya roshani pia. Chuma cha pua cha daraja la 304 kando ya bahari hushika madoa ya kutu. Kinachofaa ni 316. Na kwa kuwa fleti ni ya juu kabisa, panda juu ya paa, utazame ile lami ya kuzuia maji kama imevimba au imeachia pembezoni. Paa likivuja, dari yako ndiyo ya kwanza.

*Mwana* 20:21
Sawa ami. Nyundo ninayo.

*Shee* 20:24
Hilo la maji mulitilie mkazo. Mji wa Mombasa maji ya mfereji ni ya zamu, na visima vya Nyali vingi vina chumvi. Tuseme fleti 40, watu 4 kila moja, lita 100 kwa mtu. Hizo ni lita 16,000 kwa siku. Tangi la chini likiwa la lita 50,000 ni siku 3 tu, kisha maboza. Mwana anunue ile kalamu ya kupimia chumvi, apime bombani jikoni. Ikipita miligramu 1,000 kwa lita maji yameanza kuonja chumvi, na hita za bafuni hazidumu.

Jenereta nayo: yabeba fleti nzima pamoja na viyoyozi, au lifti, pampu na taa za ngazi tu? Muombe cheti cha ukaguzi wa lifti, kisiwe cha zaidi ya miezi 6.

*Nuru (Dubai)* 20:26
Ada ya huduma wasema 25,000 kwa mwezi.

*Shee* 20:27
Laki 3 kwa mwaka, uwe na mpangaji usiwe naye. Jengo la lifti 2 na bwawa likitoza kidogo mno pia liogope, maana kuna kitu hakitunzwi.

*Khalati Zuhura* 20:35
Sasa hati, na hapa nisikilize vizuri. Zamani fleti ziliuzwa kwa pangisho dogo la muda mrefu, yaani lililokatwa kutoka hati ya mjenzi, pamoja na hisa moja katika kampuni ya usimamizi, na hati mama, ile ya kiwanja kizima, ikabaki kwa mjenzi. Sheria ya mwaka 2020 ya mali za sehemu yataka kila fleti iwe na hati yake, na wenye fleti wawe na shirika lao la kusimamia jengo. Muulizeni muuzaji: hati imegeuzwa kuwa ya fleti au bado? Ikiwa ardhi ni ya kukodi, imebaki miaka mingapi? Isipungue 21, vinginevyo hati ya fleti haipatikani.

Sachi, yaani upekuzi wa rekodi za ofisi ya ardhi, itaonyesha kama kuna rehani ya benki au zuio. Kama muuzaji ana mke na fleti ni nyumba yao ya ndoa, ridhaa ya mke iandikwe. Pia cheti cha kaunti cha kuruhusu watu kukaa, na risiti kuwa hadaiwi kodi za ardhi wala ada ya huduma.

Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, juu yako: 1,120,000 ikiwa mthamini wa serikali atakubali bei hiyo. Kodi ya faida, asilimia 15, ni ya muuzaji. Asikusukumie.

*Nuru (Dubai)* 20:37
Na mimi niko huku, nani atatia saini?

*Khalati Zuhura* 20:39
Umpe Mwana hati ya uwakilishi, uisaini mbele ya afisa wa ubalozi wetu au nothari (mthibitishaji wa saini), kisha isajiliwe ofisi ya ardhi kabla ya kutumika. Itaje fleti hii peke yake.

*Shee* 20:41
Ukipungukiwa, benki za Kiislamu zina musharaka ya kupungua: benki na wewe mwanunua pamoja, kisha wazinunua hisa zake kidogo kidogo huku ukilipa kodi ya sehemu yake. Lakini nao hawataigusa bila hati ya fleti.

*Mwana* 20:58
Nimempigia dalali. Hati bado haijageuzwa, hati mama iko kwa mjenzi, na mjenzi ana rehani.

*Khalati Zuhura* 20:59
Basi kwanza barua ya benki, iseme itaiachilia fleti hiyo kwa kiasi gani, na mjenzi aandike atageuza hati kwa tarehe gani. Ziingie ndani ya mkataba.

*Ami Twalib* 21:02
Nyundo iende vilevile Jumamosi. Na omba ufunguo wa paa mapema, walinzi hupenda kusema aliye nao katoka.