Mjadala: Mkristo amdai kiongozi hesabu kwa njia gani bila kuvunja heshima?

Shemasi, Machakos

Tuanze na jambo moja linaloonekana kwa macho. Zahanati ya wadi imelipiwa, lakini haina paa. Waumini wanapita hapo kila Jumapili. Wafanye nini?

Wapo wanaosema waombe na wanyamaze, kwa kuwa Warumi 13 inamtaka kila mtu aitii mamlaka iliyo kuu. Wapo wanaotaka mchungaji amtaje gavana kwa jina mimbarini. Mimi sikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili. Sura hiyohiyo, mstari wa 4, inamwita mwenye mamlaka mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema, na mtumishi huulizwa kazi aliyotumwa. Tena Paulo, aliyeandika maneno hayo, alipopigwa bila kuhukumiwa kule Filipi, alikataa kutolewa gerezani kwa siri. Aliwataka mahakimu waje wenyewe (Matendo 16). Baadaye alikata rufani kwa Kaisari (Matendo 25). Alitumia haki aliyopewa na sheria ya Kirumi. Lakini alipoambiwa kwamba amemtukana kuhani mkuu, alirudi nyuma papo hapo na kukumbusha kwamba mkuu wa watu hasemwi vibaya (Matendo 23:5).

Kwa hiyo nasema hivi: heshima ipimwe kwa usahihi wa swali, na swali lipitie mlango wa sheria. Kenya mlango huo upo. Kuna Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Karibuni.

Mzee wa Kanisa, Nyeri

Ndugu Shemasi, nakuheshimu, ila unarahisisha. 1 Timotheo 2 inatuagiza dua, sala na maombezi kwa ajili ya wenye mamlaka. Haikutaja barua za madai. Shida ya pili ni ya mashinani: uchaguzi ukikaribia, "wafuatiliaji wa miradi" wengi huwa watu wa mpinzani wa mbunge aliyepo. Kanisa likiwapa jina lake linagawanyika, na mgawanyiko huo hauponi hata baada ya miradi kumalizika.

Halafu kuna Mathayo 18:15. Ndugu yako akikosa, nenda ukamwonye wewe na yeye peke yenu. Mbona tunakimbilia hadharani?

Wakili, Kisumu

Mzee, hoja ya Mathayo 18 ni nzito na lazima ijibiwe. Fungu lile linahusu ndugu aliyekukosea ndani ya ushirika. Fedha za umma hazikupotea kati yako na gavana. Ni za wadi nzima. Kosa la Petro kule Antiokia lilikuwa la hadharani, na Paulo alimkemea mbele ya wote (Wagalatia 2:14). Hata hivyo roho ya Mathayo 18 inaweza kutunzwa: sheria inampa ofisa siku 21 za kujibu. Ukiuliza kwa barua na ukangoja siku hizo bila kuandika lolote mtandaoni, umempa nafasi ya kujieleza kabla ya watu kusikia.

Sasa barua yenyewe, maana wengi huharibu hapa.

Iandike kwa Kiswahili au Kiingereza. Sheria inakubali zote mbili. Iandikwe na muumini mmoja kwa jina lake na nambari ya kitambulisho, si kwa barua yenye nembo ya kanisa. Haki hii ni ya raia, na barua ya kanisa huzua ubishi wa nani hasa anauliza. Hilo pia linajibu wasiwasi wako, Mzee, kuhusu jina la kanisa. Hulazimiki kueleza sababu ya kuuliza. Kuomba hakulipiwi, unachoweza kudaiwa ni gharama ya nakala tu.

Kosa la kwanza ni kuomba "taarifa zote za miradi ya wadi". Ombi pana namna hiyo linampa ofisa sababu ya kukawia, na sheria inamruhusu kujiongezea siku 14 mara moja ikiwa nyaraka ni nyingi. Taja mradi, mahali na mwaka wa fedha, kisha omba vitu vinne: mkataba, orodha ya vipimo na bei ya kazi (ile BQ), hati za malipo yaliyokwishafanywa, na cheti cha kukamilika kama kipo. Usiombe bei za kampuni zilizoshindwa katika zabuni. Utajibiwa kwamba ni siri ya biashara, na barua yote ikwame hapo.

Kosa la pili ni ofisi. Zahanati na shule za chekechea ni za kaunti. Shule za msingi na za sekondari ni za serikali ya kitaifa. Ofisi isiyo na nyaraka hizo inapaswa kuhamisha ombi ndani ya siku 5, lakini usitegemee hilo. Fikisha barua mahali pake tangu mwanzo.

Kosa la tatu ndilo linaloua barua nyingi: hakuna mhuri wa kupokelewa. Peleka nakala mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine igongwe mhuri wenye tarehe urudi nayo. Bila mhuri huwezi kuthibitisha siku 21 zilianza lini. Zikipita kimya, sheria inachukulia kwamba umekataliwa, na una siku 30 za kuomba mapitio kwa Tume ya Haki za Utawala, ile watu wanayoiita Ofisi ya Ombudsman.

Mhasibu, Nakuru

Niongeze kuhusu kusoma kinachopatikana, kwa sababu hapa ndipo Wakristo wanapotenda dhambi ya ulimi wakidhani wanatetea haki.

Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huwa na maneno ambayo watu huyageuza. Akiandika kwamba matumizi fulani "hayana nyaraka za kuthibitisha", maana yake ni hiyo tu: hakuonyeshwa risiti, mkataba au orodha ya malipo. Huenda fedha zimeibwa. Huenda pia faili limekaa kwenye kabati la mtu aliyehamishwa. Ukisimama kwenye kikundi cha WhatsApp cha ushirika ukatangaza "gavana ameiba", umevuka kile ulichokisoma. Amri ya tisa, ile ya kutomshuhudia jirani uongo, haikumtoa gavana kwenye orodha ya majirani. Sema: "Mkaguzi hakuonyeshwa nyaraka za kiasi hiki, tunaomba zionyeshwe." Maneno hayo ni makali zaidi kuliko tusi, kwa sababu hayana mlango wa kutokea.

Kosa la upande wa pili ni kuona hati safi na kusema hakuna wizi. Hati safi inasema hesabu zimeandikwa kwa namna inayoonyesha hali halisi ya fedha. Haisemi kwamba kila shilingi ilitumika vizuri. Soma kurasa zinazofuata, zile zinazohusu uhalali wa matumizi na miradi iliyokwama.

Ukipata BQ, nenda nayo kwenye mradi pamoja na fundi wa ushirika wenu. Watu huhesabu mabati tu. Angalieni geji pia: bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28, japo namba ni kubwa, na bei yake ni ndogo. Ikiwa BQ inasema 28 na juu kuna 30, tofauti mmeipata bila kumshuku mtu yeyote kwa jina.

Mweka Hazina wa Parokia, Nairobi

Yote mazuri, lakini mmeruka jambo linalotufunga mdomo: harambee. Kanisa lililoezekwa na mbunge litamwandikia barua mbunge huyo?

Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana aliwazuia wanasiasa kuhutubia ibadani. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu la Nairobi alikataa michango ya Rais William Ruto na Gavana Johnson Sakaja kwa kanisa la Soweto, jumla ya shilingi milioni 5.8 pamoja na ahadi, akaagiza zirudishwe. Wengine waliona ni dharau. Mimi naona ndiyo heshima, maana kiongozi aliyerudishiwa fedha hadaiwi shukrani wala hadai kimya.

Tena tusimdai mtu hesabu huku zetu zimefichwa. Paulo alipobeba mchango wa Yerusalemu, alitaka uwe safi mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia (2 Wakorintho 8:20-21), na alisafiri na watu waliochaguliwa na makanisa. Parokia isiyobandika mapato na matumizi yake ubaoni haina uso wa kumwandikia mtu.

Mzee wa Kanisa, Nyeri

Hapo kwenye hesabu zetu wenyewe nakubali bila kubisha. Lakini, Mama, ushirika wa mjini unaweza kurudisha milioni. Ushirika wa watu 40 kijijini, wenye ukuta usio na paa, ufanyeje?

Mweka Hazina wa Parokia, Nairobi

Mzee, upokee kama unavyopokea kwa muumini mwingine yeyote. Fedha ziingie benki au paybill ya kanisa, si mkononi kwenye bahasha. Risiti iandikwe kwa jina la mtoaji. Kiasi kisitangazwe. Asipewe kipaza sauti. Asalimiwe, aombewe, akae kwenye benchi. Akikataa masharti hayo, basi sadaka ile ilikuwa ya kampeni.

Mtendaji wa Kijiji Mstaafu, Singida

Nawasoma kutoka Tanzania. Huku kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, na muda wake ni siku 30. Lakini kwa mwananchi wa kijijini silaha iliyo karibu zaidi ni Mkutano Mkuu wa Kijiji. Wajumbe ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, ndio wenye kauli ya juu kijijini, na unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Taarifa ya mapato na matumizi husomwa hapo.

Unakwama wapi? Akidi haitimii kwa sababu watu hawaji, kisha mkutano unaahirishwa na mwaka unapita. Au fedha zinawekwa kwenye "mengineyo", saa watu wameshaondoka kwenda kupika. Dawa yake: mapema, kabla ya tarehe, mwandikieni mwenyekiti wa kijiji na mtendaji kuomba mapato na matumizi yawe ajenda ya mapema. Na mkiuliza, hakikisheni swali limeandikwa kwenye muhtasari pamoja na jina la atakayejibu. Mkutano unaofuata huanza na yatokanayo na muhtasari huo, hapo hakuna wa kukwepa.

Kuhusu mimbari, msiifute yote. Mwaka 2018 maaskofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) walitoa waraka wa Pasaka uliogusa hali ya nchi. Barua ya wizara ikawataka waufute, kisha waziri mwenyewe akasema barua ile haikuwa ya serikali. Yapo mambo ambayo mkutano wa kijiji hauna uwezo nayo.

Shemasi, Machakos

Nakubali kwa sehemu. Mwaka 1986 Baraza la Makanisa Kenya lilipinga kura ya mlolongo, ile ya kupanga foleni hadharani nyuma ya mgombea, na baada ya uchaguzi wa 1988 maaskofu kama David Gitari, Alexander Muge na Henry Okullu hawakunyamaza. Wakati ule hapakuwa na sheria ya habari, na bunge lilikuwa la chama kimoja. Mimbari ndiyo iliyokuwa imebaki. Leo, kwa zahanati isiyo na paa, kuanza na mimbari ni kuruka ngazi. Kwa jambo linalogusa uhai wa watu au kura zao, maaskofu waseme kwa pamoja na kwa maandishi.

Kanisa linaweza kutangaza tarehe tu, bila kumtaja mtu. Mpango wa maendeleo wa kaunti huwasilishwa kwenye bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Waumini wanaofika mwezi Juni wakidai zahanati wamechelewa; orodha ya miradi ilishafungwa.

Mzee wa Kanisa, Nyeri

Tarehe zitangazwe, na barua iandikwe na muumini kwa jina lake, hilo mmenishawishi. Jibu la kaunti likija lisisomwe ibadani, libandikwe nje pamoja na hesabu za kanisa. Lakini kijana aliyeweka nambari yake ya kitambulisho kwenye barua ile, chifu akimwita kesho, nani ataandamana naye? Naomba kila ushirika unaokubali njia hii uteue wazee wawili kwa kazi hiyo kabla barua ya kwanza haijatoka.

Wakili, Kisumu

Sawa, Mzee. Na mmoja wao awe ndiye aliyekwenda naye kugongesha mhuri, ili kuwe na shahidi wa pili tangu siku ya kwanza.