Naomba ushauri: mashine ya kunyanyulia vioo kwa ombwe, kutoka Dar es Salaam kuja Dodoma

Msimamizi_Iyumbu
Wanajukwaa, habari za kazi. Ninasimamia uwekaji wa vioo katika jengo la ghorofa nne hapa Iyumbu, Dodoma. Kila kioo kina upana wa mita 2, urefu wa mita 3.5 na tabaka mbili za milimita 8 zilizogandishwa pamoja, hivyo uzito wake unafikia takriban kilo 280. Mashine tuliyoikodi Dar es Salaam huning'inizwa kwenye ndoano ya kreni, ina vikombe sita vya mpira na pampu ya betri, na bamba lake linasema kilo 400. Mwenye mradi anaona zinatosha. Mimi sina amani, hasa kwa kuwa vijana wamezoea kusimama chini ya mzigo ili usizunguke. Nihakikishe mambo gani kabla ya kioo cha kwanza kupanda?

Mitambo_Kizota
Ndugu msimamizi, una haki ya kuwa na wasiwasi. Kinachoshikilia kioo ni hewa ya nje, ambayo hukigandamiza kwenye vikombe baada ya pampu kuondoa hewa iliyo ndani yake; hilo ndilo ombwe. Kwenye usawa wa bahari hewa hiyo hugandamiza kwa kilopaskali 101 hivi, lakini Dodoma, iliyo juu kwa zaidi ya mita 1,100, zinabaki kama 89. Pampu iliyochoka, inayoweza kuondoa asilimia 65 tu ya hewa, itakupa kilopaskali 66 Dar es Salaam, ilhali hapa haitafika hata 58. Ikiwa kitabu cha mashine kinadai 60, basi mashine iliyofanya kazi vizuri pwani haifai kunyanyua chochote hapa mpaka pampu itengenezwe. Bamba lisikupe uhakika ambao geji, yaani kipimo cha ombwe, haijakupa.

Angalia pia kama kilo 400 ni za kioo kilicholala au kilichosimama. Kikisimama, kinachokizuia kuteleza ni msuguano wa mpira peke yake, na uwezo hupungua sana.

MamaVioo_Dom
Naongezea kuhusu vumbi letu la kiangazi, maana hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Chembe ndogo ikikaa kwenye ukingo wa kikombe hupitisha hewa polepole, na kioo kitaonekana kimeshikwa barabara kumbe geji inashuka. Futeni kioo na vikombe kwa kitambaa safi kila mara, bila mafuta wala sabuni inayobaki, na chujio la pampu likaguliwe kila siku. Kikombe chenye ufa kibadilishwe, kisizibwe kwa gundi. Kisha inueni kioo sentimita chache tu, msubiri huku mkiitazama geji, na hakikisheni king'ora cha kushuka kwa ombwe kinalia.

Vijana wapewe kamba mbili za kuongozea mzigo wakiwa pembeni, na eneo la chini lifungwe kabisa. Kioo cha mita 7 za mraba hushika upepo kama tanga; upepo ukivuka kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu, kazi isimame, hata kama kreni inalipiwa kwa saa.

Msimamizi_Iyumbu
Nashukuruni sana. Nimekipata kitabu: kilo 400 ni za mzigo uliolala, na uliosimama ni 250. Mwenye mradi anasema mashine hizi hutengenezwa zibebe mara mbili ya kilichoandikwa, kwa hiyo 280 haina shida.

Mitambo_Kizota
Ni kweli kwamba kiwango cha Ulaya cha EN 13155 kinadai mashine ya ombwe ihimili angalau mara mbili ya mzigo wake, lakini ziada hiyo imewekwa kwa ajili ya mtikisiko wa kreni, mpira uliozeeka na vumbi alilolitaja Mama. Ukiijaza kilo zako, umeiondoa kinga hiyo kabla kazi haijaanza. Mashine hiyo irudishwe. Tafuteni yenye uwezo wa kutosha kwa kioo kilichosimama, yenye mizunguko miwili ya ombwe inayojitegemea, ili mmoja ukivuja mwingine ubebe mzigo wote. Mdai pia cheti cha ukaguzi, kwa kuwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inagusa mitambo ya kunyanyulia, na wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, mnaweza kuwauliza hapa hapa Dodoma.

Msimamizi_Iyumbu
Nimemwandikia mwenye mradi kwa barua kwamba hakuna kioo kitakachopanda kwa mashine hii, na eneo la chini nimeshalizungushia utepe.