Naomba ushauri: taa za LED kwenye boti ya matembezi
Wakuu, habari zenu. Nina boti ya faiba ya futi 24 hapa Mtwapa, ya kutembea na familia. Betri ni moja, volti 12, na balbu za zamani zinaimaliza mapema, ndiyo maana nataka LED. Seti ya kwanza iliungua baada ya wiki tatu. Nadhani ni kwa kuwa injini ikichaji, umeme hupanda hadi volti 14.4. Nitafute zinazohimili volti 10 hadi 30? Tena zikiwaka, redio ya VHF inajaa kelele. Hilo linanitia hofu kweli, maana baharini ndiyo ya kuitia msaada. Na zile za pembeni, nyekundu kushoto na kijani kulia, nibadilishe balbu tu au taa nzima? Waya wa shaba uliopakwa bati nitaupata wapi Mombasa?