Bibi akisaidiwa kupiga kura, kura hiyo ni ya nani?

Mwana wa Buswelu
Wana Mwanza, hili linanikaa rohoni. Oktoba 28, 2020 nilimsindikiza bibi yangu kituoni. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Walitupitisha mbele ya foleni, hapo sina neno. Mjomba akaingia naye kwenye kile kibanda, kalamu akashika yeye. Walipotoka, bibi bado anapepea kidole ili wino ukauke, akaniuliza: "Hivi nimempigia nani?" Kidole chenye wino ni cha bibi. Zile vema kwenye karatasi tatu, ya rais, ya mbunge na ya diwani, ni za nani? Wazee wetu wanapelekwa kama mbuzi mnadani.

Mwalimu Mstaafu, Nyegezi
Utaratibu unajulikana. Asiyeona au asiyejua kusoma anasaidiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe, ila asiwe msimamizi wa kituo wala wakala wa chama. Bibi akimtaja mjomba, basi mjomba ni mkono wake. Na msiwadharau wazee wa hapa. Mwaka 1965, enzi wagombea wakipewa alama ya jembe au nyumba, wapiga kura wa Mwanza walimwangusha Paul Bomani, waziri wa fedha mzima, mtu wa ushirika wa pamba. Wangapi kati yao walijua kusoma?

Mwana wa Buswelu
Mwalimu, mkono wa mjomba una macho. Ndiyo hoja yangu.

Binti Sengerema
Mimi nimekwama hapo kwenye mbuzi. Mama yangu ana miaka 79, haoni vizuri, na dagaa anauza mpaka leo. Akiwashika tu kiganjani anakwambia hawa wamekaushwa kwenye kichanja, hawa wameanikwa mchangani, na hadanganyiki. Miaka yote kabla ya daraja la Kigongo–Busisi alivuka na kivuko, na magunia yake, peke yake. Leo mjukuu aliyesomeshwa kwa dagaa hao anamwita mbuzi?

Kijana wa Igoma
Dada, dagaa anawashika. Karatasi ya kura ina picha na nembo, haishikiki. Mtaani kwetu walipita watu na kanga na sukari, wazee ndio walioitwa kwanza. Ila na nyie wa mjini mnaniudhi. Mnawakumbuka wazee kila baada ya miaka mitano.

Mvuvi wa Ukerewe
Samahani, bibi alipouliza, mjomba alimjibu nini?

Mwana wa Buswelu
Kijana wa Igoma, unanijua? Dawa za presha za bibi nanunua mimi kila mwezi. Bati la nyumba yake nimeezeka mimi. Usinipimie mapenzi ya bibi yangu.

Binti Sengerema
Presha umenunua, bati umeezeka. Macho je? Mtoto wa jicho anatolewa kwa upasuaji, mtu anarudi kuona. Tangu 2020 mpaka leo mmemwacha gizani halafu unakuja kuuliza nani alishika kalamu?

Mwalimu Mstaafu, Nyegezi
Binti, hapo umesema. Yule mjomba naye ndiye anayelala nyumba moja na bibi, anamchotea maji, anamwogesha. Kumwamini si ujinga.

Kijana wa Igoma
Kwa hiyo anayemwogesha ndiye amchagulie na rais? Mwalimu, na mimi nikiugua unipigie kura?

Mwalimu Mstaafu, Nyegezi
Shika adabu. Nimefundisha watu wa umri wa baba yako.

Mwana wa Buswelu
Binti, neno la mbuzi nalifuta, wazee wanisamehe. Kuhusu macho, nilipeleka hela ya matibabu mara mbili, ikaishia kwenye ada za watoto wa mjomba. Sikutaka kulisema hapa.

Binti Sengerema
Basi mpeleke mwenyewe, usitume hela. Hata wiki ijayo.

Mvuvi wa Ukerewe
Ndugu, narudia. Bibi alijibiwa nini?

Mwana wa Buswelu
Mjomba alimwambia, "Yule yule wa siku zote, mama." Bibi akasema, "Mimi sikukwambia yule." Akanyamaza mpaka tunafika nyumbani. Nami nilinyamaza.