Wakuu, kwenye jedwali la elementi ukishuka kundi la kwanza ukali (wepesi wa kuungana na vitu vingine) unapanda, ukishuka la saba unapungua. Nimjibu nini huyu mtoto?

Baba Kidato: Habari za jioni wakuu. Binti yangu yuko kidato cha pili, jana kaniwekea jedwali la elementi mezani. Kakariri vizuri tu: lithiamu, sodiamu, potasiamu, ukishuka ukali unaongezeka. Kahamia florini, klorini, bromini, iodini: ukishuka unapungua. "Baba, mbona zinapishana?" Nikamwambia ngoja nipokee simu. Simu yenyewe haikuita. Nisaidieni kabla ya kesho jioni.

Fundi Nyaya: Akariri tu, mtihani haumuulizi sababu.

Chaki Nyeupe: Unaweza kumuuliza, usimpoteze. Mkuu, mwambie achore matabaka ya elektroni yanayozunguka kiini cha atomi. Sodiamu ni 2,8,1, yaani idadi ya elektroni kwa kila tabaka kuanzia ndani. Potasiamu ni 2,8,8,1. Ile elektroni moja ya nje ni mzigo, kundi la kwanza lote linataka kuutua. Kwenye potasiamu iko mbali zaidi na kiini, haijashikwa sana, inachomoka kirahisi. Kundi la saba ndio wenye njaa: nje wana saba, wanasaka moja itimie nane. Kuvuta cha mwenzio kunataka uwe karibu. Florini ina matabaka mawili tu, inavuta kwelikweli. Iodini ina matano, mkono haufiki. Sababu ni umbali huohuo.

Darasani nilikuwa nachomoa sodiamu kwenye mafuta ya taa, naikata kwa kisu kama sabuni ya mche. Palipokatwa panang'aa kama fedha, mara pameshafifia. Kipande cha punje ya mchele ukikitia kwenye beseni la maji kinaelea, kinayeyuka kuwa kitone, kinakimbia huku na huku kikichachatika. Potasiamu haisubiri, inawaka papo hapo, moto wa zambarau. Wanafunzi wa mbele wote wanahamia nyuma.

Mama Maharage: Mwalimu, ina maana chumvi ninayotia jikoni ina kitu hicho?

Chaki Nyeupe: Ndiyo mama, ila sodiamu imeshautua mzigo kwa klorini, wote wametulia. Hata yale madini joto yanayoandikwa kwenye paketi ni iodini, ndugu wa klorini.

Baba Kidato: Mwalimu ubarikiwe. Nimemchorea, kaelewa haraka kuliko mimi. Sasa anauliza haidrojeni ni gesi, inafanya nini juu ya lithiamu? Simu inaita tena wakuu.