Eti "kitambaa cha kochi"! Kifuani pangu! Mbele ya ukumbi mzima!

Wakuu, ndiyo naingia ndani, viatu sijavua. Yule MC wa harusi zetu hapa Fayetteville, Marekani, simtaji, mnamjua, maikrofoni imemwota mkononi. Nimesimama na sare nimpongeze bwana harusi, kifuani beji ya mabawa ya wanajeshi wa parachuti, nyuma yake ovali ya kikosi, kile kitambaa cha rangi cha umbo la yai. Akaninyooshea kidole: "Jamani, huyu nani kamshonea kitambaa cha kochi?"

Kitambaa! Cha! Kochi! Watu wakacheka mpaka bibi wa watu akamwaga soda.

Mabawa nimeyapata kambini Fort Benning, kozi ya kuruka kwa parachuti, wiki tatu, miruko mitano. Hayo nitazikwa nayo. Lakini kile kitambaa kilichodariziwa hakiji kwa kumaliza kozi! Mpaka uwe kwenye kikosi cha miavuli, na kila kikosi na rangi zake. Ukihamishwa kwenda kwa wasioruka, mabawa yanabaki, kitambaa unabandua. Yarborough, afisa wa jeshi la Marekani aliyebuni mabawa hayo mwaka 1941, ndiye aliyehangaikia pia viatu vya kurukia na hivyo vitambaa. Leo mtu anayeogopa ngazi ya jukwaa aniambie kochi?

Mla_Ubwabwa: Pole mkuu. Ila weka picha. Mama anacho kama hicho, kwenye kochi la watu watatu.

Kipepeo82: Na wewe sare kwenye harusi ya watu ya nini? Ulitaka bwana harusi asionekane?

Mleta uzi: Bwana harusi ni mwenzangu kikosini, KANIOMBA nivae! Na hamjasikia mwisho wake. Nimeshakaa, nina kijiko mdomoni, MC akarudia: "Mwenye kochi aje alichukue." Alirudia!

Mwamvuli_Vicenza: Msimcheke. Mimi niko brigedi ya miavuli ya 173, Italia. Waliotutangulia waliruka Bashur, Iraki, Machi 2003, usiku, na wana nyota ya kuruka vitani kwenye mabawa. Akamwambie mmoja wao habari za kochi tuone.

Mla_Ubwabwa: Mkuu, kwani ovali ya kwenu inafaa na makochi ya rangi gani?

Mleta uzi: Mla_Ubwabwa, nakujua unapokaa.

Mama_Wawili: Huyo MC hana adabu tangu zamani. Harusi ya mdogo wangu alikosea jina la ukoo mara tatu, la nne akasema "hawa ndugu zetu".

Chumvi_Kidogo: Afadhali jina. Mimi alinitangaza sijamaliza mchango. Dola 200 nilitoa, ujumbe wa benki ninao!

Kipepeo82: Mchango dola 200 halafu pilau inaisha saa tatu usiku. Kamati ya chakula walikuwa kina nani?

Mama_Wawili: Kamati tulikuwa sisi. Pilau ilikuwepo, wewe ulikuja saa nne.

Kipepeo82: Kadi iliandika saa nne!

Mleta uzi: Jamani, na kochi je?

Chumvi_Kidogo: Kadi ninayo hapa, imeandikwa saa kumi na mbili jioni.